Hakimiliki: sheria imwone na anayeimba

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Msemo huo umekuwa ukinijia akilini mara kwa mara tangu likizo iliyopita, nilipokwenda nyumbani Kiptere, katika Kaunti ya Kericho, nikakutana sokoni na mwalimu wa shule moja ya pale karibu. Mwalimu huyo, ambaye ndiye anayeongoza kwaya ya shule yao, alikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa ombi. Alitaka wimbo wa kiasili wa Kipsigis wa kupanga kwa ajili ya Tamasha la Muziki, tena wimbo ambao shule nyingine hazijauchosha, na alikuwa amesikia kwamba miaka mingi iliyopita niliwarekodi akina mama wazee wa pande zile wakiimba. La pili lilikuwa swali. "Daktari," aliniuliza, "nikiupanga wimbo huo kwa sauti nne, utakuwa wimbo wa nani?"

Nilimjibu kama ajibuvyo mhadhiri, yaani kwa maneno mengi. Nilipofika nyumbani jioni ile nikang'amua kwamba sikuwa nimemjibu kitu. Ombi lake nalo sikuweza kulitimiza, kwa sababu nyimbo zile sinazo.

Yanipasa kueleza ilivyokuwa. Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, ambacho sina haja ya kukitaja. Nilikuwa nikichunguza toni katika Kipsigis, na swali langu mojawapo lilikuwa hili: mwimbaji anapolazimika kuchagua kati ya toni ya neno na mpando wa sauti ya wimbo, kipi humpisha mwenzake? Ili kupata jibu nilihitaji nyimbo, na ili kupata nyimbo nilikwenda kwa bibi mmoja ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Kogo hakuwa nyanya yangu wa kunizalia mzazi, lakini katika vijiji vyetu umri hutosha kumpa mtu cheo hicho. Aliniimbia jioni sita, akiitikiwa na majirani wenzake. Mimi nilimpelekea kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai. Naam, majani ya chai, katika nchi ambayo mchai humea hadi mlangoni! Aliyapokea kwa heshima, akacheka.

Kabla ya kuanza nilimpa fomu ya Kiingereza iliyoandaliwa na chuo changu. Nilimfasiria kadiri nilivyoweza, naye akatia kidole gumba. Katika tasnifu yangu Kogo anaitwa "mhojiwa wa saba". Nyimbo zake zimehifadhiwa katika maktaba ya sauti ya chuo hicho, na atakaye kuzisikiliza sharti apewe neno la siri. Nilipowaandikia baada ya kuonana na yule mwalimu, nilijibiwa kwa adabu kubwa kwamba haki katika rekodi zile ni za chuo, kwamba kuziimba hadharani ni matumizi mengine yanayohitaji kibali chake, na kwamba ombi langu lingefikishwa mbele ya kamati. Kogo alifariki mwaka 2017. Bintiye hajapata kuisikia sauti ya mama yake tangu siku ile ya mazishi.

Sisimulii haya ili nikilaumu chuo kile. Wa kulaumiwa wa kwanza ni mimi niliyeishika ile fomu. Lakini nilipokwenda kuisoma sheria yetu wenyewe, nikitarajia kwamba huenda ingenisaidia kudai, nilikuta kwamba sheria ya Kenya nayo humtazama Kogo kwa jicho lile lile.

Sheria tunayoitumia ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika tarehe 1 Februari 2003 na kuifuta ile ya mwaka 1966. Imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, hasa mwaka 2019 na mwaka 2022. Kifungu chake cha 22 chasema kwamba kazi ya fasihi, ya muziki au ya sanaa haipati hakimiliki mpaka yatimie mambo mawili: mtungaji awe ametia juhudi ya kutosha kuipa kazi hiyo sura yake mwenyewe, na kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au imetiwa katika umbo linaloshikika kwa njia nyingine. Basi wimbo unaokaa kichwani mwa bibi kizee, hata kama beti nusu amezitunga mwenyewe shambani akichuma chai, mbele ya kifungu hicho haujawa kitu. Huwa kitu pale tu mtu anapobonyeza kitufe cha kinasa sauti. Na je, mwenye rekodi ni nani? Sheria yajibu kwamba mtungaji wa rekodi ya sauti ni yule aliyefanya mipango ya kuirekodi. Yaani ni mimi, pamoja na sukari yangu, au ni chuo kilichonilipia nauli.

Kama mwanaisimu sina budi kulitazama neno lenyewe. "Hakimiliki" tumeliunda kwa maneno mawili tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, haki na miliki, na uzito wake wote umeangukia la pili. Swali la kwanza tunalojifunza kuuliza ni "nani anamiliki?" Waswahili wa kale walikuwa na desturi nyingine. Wasanifu wa tenzi za pwani walizoea kulitaja jina lao, na wengine hata tarehe ya kumaliza kutunga, katika beti za mwisho. Hawakumkataza mtu kunakili. Kinyume chake, walitaka wanakiliwe, lakini jina lisipotee njiani. Kwa Wakipsigis wimbo ni wa wote wanaouitikia, na hata hivyo kila mtu kijijini anajua fulani ndiye aliyeuanzisha na fulani ndiye anayeuongoza vizuri kupita wenzake. Katika desturi zote mbili jina na sauti ya mtu vilitangulia, na mali ikafuata nyuma, kama ilifuata.

Wasomaji wa pande za Kericho na Bomet watakuwa wamekwisha kukumbuka kisa cha Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika akirekodi ngoma na nyimbo, alifika Kapkatet, kwenye barabara ya kutoka Litein kwenda Sotik. Huko aliwarekodi Wakipsigis wakiimba kumhusu mtu wa ajabu aitwaye Chemirocha. Mtu huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika milimani kwetu kwa santuri za wageni. Jina lake lilipita katika kinywa cha Kipsigis likatoka na sura mpya, na kila hatua ya safari hiyo inafuata kanuni. Lugha yetu haitofautishi maana kwa j na ch, basi Jimmie akaanza kwa ch. Halafu mwanzo huo ukaangukia pale pale panapoanzia majina ya wanawake wetu kama Chebet na Chelangat. Ningeweza kuwafundisha wanafunzi wangu fonolojia ya muhula mzima kwa neno hilo moja.

Rekodi iliyopendwa kuliko nyingine za siku zile iliimbwa na wasichana wakisindikizwa na kinubi tunachokiita chepkong. Katika maelezo ya rekodi limeandikwa jina la Chemutoi Ketienya. Wenzake wameandikwa tu kwamba ni wasichana wa Kipsigis. Tracey alianzisha mwaka 1954 taasisi ya kuhifadhi muziki wa Afrika, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na rekodi zile zikachapishwa katika mfululizo wa santuri zake, kisha baadaye katika CD. Wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani waliujua wimbo huo kwa miaka mingi kabla ya wajukuu wa waliouimba kujua kwamba upo. Kuanzia mwaka 2014 taasisi hiyo, ikishirikiana na watu wa Ketebul Music ya Nairobi, ilianza kuzirudisha nakala za rekodi kwa jamaa za waimbaji huko Kapkatet. Lilikuwa tendo la uungwana, nami nawavulia kofia. Lakini lilikuwa hisani. Hakuna sheria iliyowalazimisha, na kwa sababu hiyo hakuna sheria itakayomlazimisha mwingine asiye na uungwana huo.

Hebu tufanye hesabu. Sheria yetu yaipa rekodi ya sauti ulinzi wa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Haki za waimbaji nazo ni miaka 50 tangu kurekodiwa. Wimbo wa 1950, kwa kipimo hicho, ulifikia kikomo Desemba 2000. Sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2003, wasichana wa Kapkatet, ambao kufikia hapo walikuwa vikongwe au marehemu, hawakuwa na la kudai. Linganisheni na mtunzi aliyeandika wimbo wake kwa kalamu: yeye hulindwa maisha yake yote na miaka 50 zaidi baada ya kifo chake. Msichana aliyeimba akiwa na miaka 16 aweza kufikisha miaka 66 na kuisikia sauti yake mwenyewe ikiuzwa bila yeye kuwa na neno.

Kuna watakaosema dawa ni kurefusha muda. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo mwaka 2011, ukaongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70. Mimi sina shauku na dawa hiyo peke yake, kwa kuwa miaka ikiongezwa huongezwa kwa yule anayeishikilia haki, na aghalabu huyo si mwimbaji. Hata hivyo Wazungu hao waliweka ndani ya sheria yao mambo mawili ambayo wabunge wetu wangefaa kuyatazama. Katika miaka ile ya nyongeza, kampuni sharti itenge asilimia 20 ya mapato ya rekodi kwa wanamuziki waliolipwa mara moja studioni wakaenda zao. Tena, kampuni ikiikalia rekodi bila kuiuza, mwimbaji aweza kuuvunja mkataba na kuichukua haki yake.

Jambo hilo la malipo ya mara moja halihitaji kufafanuliwa kwa mkulima wa chai. Mkulima wa Kiptere apelekapo majani yake kituoni, karani huyapima, naye hupewa stakabadhi. Mwisho wa mwezi hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo. Lakini kila mtu anajua kwamba hayo si malipo kamili. Chai husindikwa, hupelekwa mnadani Mombasa, na bei yake halisi haijulikani mpaka iuzwe. Ndiyo maana yapo malipo ya pili, bonasi, ambayo karo za shule na mabati ya nyumba huyasubiri mwaka mzima. Sisemi kwamba bonasi haina matatizo, kwa kuwa malalamiko yake tunayasikia kila mwaka. Nasema kwamba mkulima hawezi kukubali aambiwe, "Umekwisha kulipwa siku ile kituoni." Mwimbaji wetu huambiwa hivyo kila siku. Huingia studio ya mjini Kericho au Nakuru, hupewa pesa za siku moja, hutia sahihi karatasi, na wimbo ukija kupendwa miaka kumi baadaye hana stakabadhi wala bonasi.

Kwa haki, sheria imekwisha kuanza kuijongelea njia hiyo. Kifungu cha 30A kinataka rekodi iliyochapishwa kwa biashara ikitangazwa redioni au ikipigwa hadharani, mwimbaji na mtayarishaji walipwe malipo ya haki. Na marekebisho ya mwaka 2022 yaliingilia nyimbo zile tunazozisikia tunapompigia mtu simu, yakaamuru kwamba katika mapato yake asilimia 52 iwe ya msanii au mwenye hakimiliki, 39.5 ya kampuni ya simu na 8.5 ya wakala wa kati. Yaangalieni maneno hayo madogo, "au mwenye hakimiliki". Ndani ya kiunganishi "au" msanii aweza kupotelea kabisa. Akiwa aliisaini haki yake studioni kwa pesa za siku moja, ile asilimia 52 humpita kama gari la moshi linavyompita aliyesimama kando ya reli. Kiunganishi hicho kingebadilishwa kuwa "na", kukawa na fungu la mwimbaji ambalo hawezi kuliuza wala kuliweka rehani hata akitaka, sheria ingekuwa imefanya kazi kubwa kwa silabi moja. Mtanisamehe, hii ndiyo kazi yangu.

Mtu ataniuliza kwa nini nimzuie mtu mzima kuuza kilicho chake. Ninamjibu kwa kisa cha Solomon Linda. Mzulu huyu alirekodi wimbo wa "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939, na haki zake zikaja kuhamishwa kwa shilingi kumi. Wimbo ule ulizunguka dunia kwa majina mbalimbali, ukaingia hata katika filamu ya Disney, ilhali Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu alipotia sahihi. Kilichowaokoa binti zake ni kanuni moja iliyosahaulika katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya yake yote: kwamba haki aliyoiuza mtunzi hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa kanuni hiyo kesi ilifunguliwa Afrika Kusini mwaka 2004, na mwaka 2006 pande mbili zikapatana. Sheria hiyo ya 1911 ilitumika pia katika Kenya ya kikoloni. Katika sheria yetu ya 2001 kanuni ya kurudi kwa haki haimo. Ajabu iliyoje, kwamba mkoloni alimwachia mjukuu wa mtunzi mlango ambao sisi wenyewe tuliujenga upya bila bawaba!

Sitakaa sana juu ya vyama vya kukusanya mirabaha, si kwa sababu havina maana bali kwa sababu magazeti yamevizungumza hadi wino ukaisha. Chama cha watunzi wa muziki, MCSK, kimekuwapo tangu mwaka 1983, na baadaye kikaja KAMP cha watayarishaji na PRISK cha waimbaji na waigizaji. Mwaka 2017 Bodi ya Hakimiliki iliinyima MCSK leseni ikaipa chama kingine. Mwaka 2021 ikaviondolea leseni vyote vitatu. Mwenye kinyozi au mkahawa hajui amlipe nani, na mwanamuziki hajui amdai nani. Nionavyo mimi, fujo hii haitatibiwa kwa kubadilisha majina ya vyama. Chama hakiwezi kugawa sawasawa ikiwa hakijui nyimbo zipi zilipigwa na nani aliimba humo ndani. Rekodi nyingi za Kikalenjin zinazopigwa redioni kila asubuhi zina jina la bendi tu, na waitikiaji, ambao katika muziki wetu ndio nusu ya wimbo, hawaandikwi popote.

Nimesema mengi juu ya anayeimba. Upo upande wa tatu, umma, na nyinyi walimu na wanafunzi ndinyi umma huo. Mara nyingi mambo haya hupangwa kana kwamba msanii akipewa zaidi, basi mwanafunzi hupata kidogo, kama watoto wawili waliogawiwa kiazi kimoja. Katika jambo la Kogo, yule mwalimu wa kwaya na binti wa Kogo wako upande mmoja wa ukuta. Ukuta huo humzuia mmoja asifundishe na mwingine asisikie.

Ni kweli kwamba sheria inayo milango kwa ajili ya shule. Inaruhusu matumizi ya kiungwana kwa utafiti, kwa matumizi ya binafsi na kwa uhakiki, alimradi chanzo kitajwe. Inaruhusu vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kazi moja viingizwe katika diwani ya kufundishia shuleni au chuoni. Na wasioona wamefunguliwa njia: Kenya iliingia mwaka 2017 katika Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa maandishi ya nukta nundu au ya kusikilizwa bila kumwomba mchapishaji, nayo marekebisho ya mwaka 2019 yakauingiza mkataba huo katika sheria zetu. Walakini mwalimu wa kawaida haijui milango hiyo. Ninawajua walimu wanaoogopa kunakili ukurasa mmoja wa mhakiki, na ninawajua wengine wanaotoa nakala za riwaya nzima kwa darasa la wanafunzi hamsini, kisha wanashangaa kwa nini mwandishi wa Kiswahili hawezi kuishi kwa kalamu yake. Wa kwanza anajinyima haki aliyopewa, na wa pili anaila haki ya mwenziwe. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikisoma mara tatu. Bodi ingekuwa imefanya jambo la maana kuichapa milango hii kwa Kiswahili kwenye karatasi moja na kuibandika katika kila chumba cha walimu.

Lakini mlango ambao haupo kabisa ni ule aliouhitaji mwalimu wa Kiptere. Hakuna kifungu kinachosema kwamba mtu anayerekodi wimbo, hadithi au sauti ya jamii fulani sharti aache nakala mahali ambapo jamii hiyo inaweza kuifikia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inaliagiza Bunge kutunga sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Bunge lilitii, likatunga mwaka 2016 Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Tanzu za Kitamaduni, inayozipa jamii haki juu ya nyimbo, ngoma na masimulizi yao, inayomtaka mgeni kuomba idhini kabla ya kuyatumia, na inayozipa kaunti kazi ya kuweka daftari la mali hiyo. Ni sheria njema. Kasoro yake machoni pangu ni kwamba inaiona jamii kwa jumla, na sheria ya hakimiliki inamwona mwenye kinasa sauti, na katikati ya hizo mbili Kogo, yule mtu mmoja mwenye sauti yake ya mikwaruzo na namna yake ya kuchelewesha kiitikio, bado hana pa kusimama. Jamii ya Wakipsigis yaweza kuandikwa daftarini, lakini "jamii" haikunikaribisha jioni sita.

Basi narudi kwa swali la mwalimu. Nimelifikiri upya, na jibu lake si zuri. Kwa Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993, mpangilio mpya wa wimbo hulindwa kama kazi yenyewe. Mwalimu akiupanga wimbo wa Kogo kwa sauti nne na kuuandika kwa nota, mpangilio huo utakuwa wake, maisha yake yote na miaka 50 baadaye. Rekodi ya awali ni ya chuo cha ng'ambo. Tasnifu ni yangu. Watu watatu tuliosoma tumepata kila mmoja fungu lake kutoka kwa mtu mmoja ambaye hakujua kusoma, na yeye peke yake ndiye asiye na fungu. Sidhani kwamba mwalimu atende dhambi akiupanga. Nadhani kila wimbo wa kiasili unaopelekwa tamashani uandikwe jina la aliyeufundisha, pamoja na kijiji chake, hata kabla sheria haijalazimisha. Na shule ikiuza CD ya kwaya yake, kama zifanyavyo shule nyingi siku hizi, fungu lipelekwe kwa huyo mtu.

Nilimwambia hivyo kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba hakuwa amenisubiri. Alikuwa amekwenda kwa binti wa Kogo, mama wa makamo mwenye shamba la chai chini ya barabara, naye akamwimbia nyimbo tatu za mama yake kadiri alivyozikumbuka. Mbili ni kamili. Ya tatu imekatika katikati, kwa kuwa mama huyo hakumbuki ubeti wa pili unavyoanza.

Mimi naukumbuka kuwa upo, lakini siukumbuki maneno yake. Umo katika rekodi ya jioni ya nne. Juma lililopita niliiandikia tena ile maktaba ya sauti, safari hii si kuomba ruhusa ya tamasha bali kuomba kwamba nakala ya rekodi zote za Kogo ikabidhiwe kwa bintiye na nyingine kwa shule, na kwamba mahali palipoandikwa "mhojiwa wa saba" liandikwe jina lake kamili, ambalo bintiye ameniruhusu kulitoa. Barua hiyo ameitia sahihi yeye, kwa jina lake, nami nimesaini chini yake. Kamati, tumeambiwa, hukutana mara mbili kwa mwaka.